Kupanga Nyumba Lamu: Mtaa Gani Utamfaa Nani?

Mwezi huu barua tatu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, nalo ni mahali pa kupanga nyumba kwa mtu anayehamia Lamu au aliyekwisha kuhamia na kupata matatizo. Tumeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanasaidiana, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Swali

Mshauri wetu, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Taita Taveta na nimepata barua ya uhamisho kwenda shule iliyoko mjini Lamu, upande wa Langoni. Mume wangu naye amepata kazi ya uhasibu Mokowe, kwa hiyo tunahama sote: sisi wawili, watoto wetu wawili wa shule, na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Hatujawahi kuishi pwani. Dalali mmoja ametutumia kwa simu picha za nyumba tatu. Ya kwanza ni ghorofa ya mawe ya kale huko Mkomani, ya pili iko Shela karibu na ufuo, na ya tatu ni nyumba mpya ya matofali ya saruji, nyuma ya mji. Ile ya Shela imetupendeza mno, na dalali anasema tukichelewa kutuma amana itachukuliwa na mwingine. Je, tuchague mtaa gani, na tutazame nini kabla ya kuamua?

Mwalimu, Wundanyi

Jibu

Mwalimu, salamu zako zimefika, na hongera kwa uhamisho. Amana usitume. Nyumba ambayo hujaikanyaga wewe wala mtu unayemwamini bado ni picha tu, na dalali anayemharakisha mpangaji aliye mbali kwa kumwambia kwamba kuna mwingine mlangoni anatumia maneno ambayo madalali wa kila mji huyatumia, wakweli kwa waongo. Mjibu kwa upole kwamba mtakuja kuziona, kisha mwulize mapema ujira wake ni kiasi gani na unalipwa na nani, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Katika mji uliouzoea, mtaa ukiwa mbali kidogo na kazini unaongeza nauli ya matatu na mambo yanaendelea. Mji wa kale wa Lamu hauna gari ndani yake, na baadhi ya vichochoro vyake havipishi punda wawili wenye mizigo. Kila kilo ya unga, kila mtungi wa gesi na kila godoro litakaloingia nyumbani kwako litabebwa na hamali, na punda au na mkokoteni, na kila mmoja wenu atakwenda kazini au shuleni kwa miguu au kwa boti. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuulizana nyumba ipi inapendeza, kaeni chini muulizane nani atatembea zaidi, saa ngapi, na njia yake inakuwaje maji yakijaa.

Mji wenyewe umekaa hivi. Ukisimama gatini ukaupa uso mji, Ngome, ambayo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1821, iko ndani kidogo mbele yako. Upande wa kulia, kaskazini, ni Mkomani, na upande wa kushoto, kusini, ni Langoni. Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka, unapita sambamba na pwani ukiunganisha sehemu hizo mbili. Ukitoka Langoni ukazidi kwenda kusini unafuata pwani mpaka Shela, mwendo wa kama kilomita 3. Nyuma ya mji wa kale, ardhi inapoinuka, ndiko mji ulikopanukia, na huko utasikia majina kama Kandahari, Bombay, Kashmir na Wiyoni.

Tuanze na Shela, kwa kuwa ndiyo iliyowapendeza. Ni mahali pazuri, na ufuo wake hausimuliki, lakini kwa familia kama yenu ina kasoro mbili ambazo picha haiwezi kuzionyesha. Kasoro ya kwanza ni bahari. Maji ya bamvua, yaani yale makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katika pwani yetu hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Saa kumi alasiri ndiyo saa mwalimu anapofunga madaftari yake. Njia ya pwani baina ya Langoni na Shela hulowa wakati huo, mahali pengine ikazama kabisa, na mama mwenye watoto wawili na mikoba ya shule huwa hana budi kungoja maji yapwe, kuzungukia njia ya ndani yenye mchanga, au kulipa boti. Ni siku chache tu katika kila majuma mawili, kwa sababu saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, lakini siku hizo zinarudi mwaka mzima. Wenyeji wa Shela hawayahesabu hayo kuwa taabu, kwa kuwa wamezipanga shughuli zao juu ya maji tangu utotoni. Mgeni anayefuata kengele ya shule hana uhuru huo.

Kasoro ya pili ni kwamba nyumba nyingi za Shela, hasa zile za karibu na ufuo, hupangishwa kwa watalii kwa siku au kwa wiki, na mwenye nyumba anayekupangisha kwa mwezi huwa na jicho moja kwenye Desemba. Barua ya pili hapa chini inaeleza matokeo yake.

Mume wako naye lazima avuke kila siku, kwa kuwa Mokowe iko upande wa bara na mji wa Lamu uko kisiwani. Boti za abiria za Mokowe zinaondoka gati kuu la mjini, na kwa boti ya kasi safari haifiki nusu saa. Mkikaa Shela atakuwa na safari mbili za boti kila asubuhi, au atembee mpaka mjini kisha apande boti, na jioni arudie yote hayo. Giza likiingia boti za abiria hupungua, na kukodi boti peke yako ni gharama nyingine kabisa. Kwa hiyo hesabuni nauli ya boti kwa mwezi mzima mwiongeze kwenye kodi ya kila nyumba kabla ya kulinganisha. Nyumba rahisi iliyo mbali na gati mara nyingi huishia kuwa ghali kuliko ile iliyo karibu. Na mwambie jaketi la kuokolea ni la kuvaliwa. Utawaona abiria wengi wakilikalia kama mto.

Sasa ile ghorofa ya Mkomani. Sitaki kuwavunja moyo, kwa sababu nyumba ya mawe ya Lamu ikiwa imetunzwa ni raha kuikaa: kuta nene za matumbawe na chokaa zinazuia joto la mchana, na kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, kinaleta hewa na mwanga. Lakini ngazi zake ni nyembamba na vidato vyake ni virefu, na sehemu nzuri ya kuishi, yenye upepo, mara nyingi iko juu. Mama mwenye magoti mabovu atapanda mara ngapi kwa siku? Ulizeni kama kuna chumba na choo katika ngazi moja ya nyumba, kisha mwacheni mama mwenyewe, si nyinyi, ajaribu kupanda na kushuka. Kama hawezi, jambo limekwisha, hata kama zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni za kupigiwa picha.

Mkija kuziona nyumba, kagueni kwa mikono pia. Wekeni kiganja ukutani kwenye kimo cha goti, nyuma ya kabati au pembeni ya birika la kuhifadhia maji. Ukuta unaotoa unga mweupe wa chumvi na kubanduka kama magamba una unyevu unaopanda kutoka chini, na mara nyingi chanzo chake ni fundi aliyepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea. Chumba kama hicho hakimfai mtoto mwenye pumu, na nguo zenu zitanuka kila msimu wa masika. Kisha inueni macho. Dari za kale zinabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaofanya vyumba viwe vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi; pimeni kitanda na kabati kabla ya kuvisafirisha kutoka Wundanyi. Boriti iliyopinda au yenye vumbi laini la kuliwa na mchwa iulizeni palepale. Ulizeni pia tangi la maji limewekwa wapi, kwa sababu tangi la lita 1,000 likijaa ni uzito wa tani moja, na dari ya boriti kuukuu haikujengwa kubeba tani moja mahali pamoja.

Maji yenyewe ndiyo yatakayowasumbua au kuwapa raha kuliko jambo lolote jingine. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka kwenye visima vilivyo katika matuta ya mchanga ya Shela, ambako maji ya mvua hukaa chini ya mchanga juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Visima vya ndani ya mitaa vingi vina maji ya munyu, yanafaa kufulia na kusafishia tu. Kwa hiyo kuona bomba hakutoshi. Fungueni bomba lenyewe, onjeni, kisha mwulizeni mpangaji wa jirani, asiwe dalali wala mwenye nyumba, maji yanafika siku zipi na saa ngapi, na yanafika ghorofani au yanaishia chini. Mkikuta birika la kuhifadhia maji chooni lina visamaki vidogo, msishangae wala msivitoe. Vimewekwa kula viluwiluwi vya mbu, na ni dalili kwamba nyumba ina mtu anayeijali.

Kuhusu umeme, hakikisheni mita ni yenu peke yenu. Mita moja ya tokeni kwa familia tatu ni chanzo cha uadui usiokwisha.

Ile nyumba ya tatu, ya nyuma ya mji, pengine ndiyo picha mliyoipita haraka, na mimi ningeanza kuitazama hiyo. Nyumba za huko hazina urembo wa mji wa kale, na zenye paa la mabati bila dari huwa tanuri kuanzia Januari mpaka Machi. Lakini nyingi ni za chini, zina vyumba vipana na choo cha ndani, na hodi yake haihitaji ngazi. Kuna tahadhari mbili. Mitaa ya pembeni ambako nyumba za makuti zimebanana inaogopesha kwa moto. Gari la zima moto haliwezi kupita vichochoro, na paa moja likishika moto, upepo huupeleka kwa jirani kabla watu hawajafika na ndoo. Basi angalieni paa la jirani pamoja na lenu. Tahadhari nyingine ni mteremko: masika yakinyesha kwa nguvu, maji ya mwinuko huteremkia baharini kwa vichochoro na mifereji ya wazi, kwa hiyo nyumba ambayo kizingiti chake kiko sawa na njia itaingiwa na maji. Alama ya maji ya mwaka uliopita huwa inaonekana chini ya mlango.

Kama ningekuwa ninyi, ningetafuta nyumba ya chini upande wa nyuma wa Langoni, ambako wewe na watoto mtafika shuleni kwa dakika chache, mume wako atashuka gatini kwa miguu, na mama atakuwa karibu na hospitali ya rufaa ya kaunti ya King Fahd, iliyo upande huohuo wa kusini wa mji. Mama atakapohitaji kwenda kliniki hakuna teksi ya kuita mlangoni. Ataenda polepole kwa miguu au kwa mkokoteni, na hapo tofauti ya mita mia tatu ni kubwa. Mkomani iwe chaguo la pili, endapo mtapata nyumba yenye chumba kikavu cha chini. Shela nendeni Jumapili.

Njia nzuri ya kuifikia nyumba hiyo ni mmoja wenu kutangulia, apange chumba cha muda kwa mwezi mmoja, ili aone bamvua likija na kuondoka, asikie adhana ya alfajiri, punda na muziki wa jirani, na ajue maji yanatoka siku zipi. Nyumba nyingi za Lamu hazitangazwi popote. Zinapatikana kwa mazungumzo ya barazani, kwa mwenye duka, kwa walimu wenzako na kwa wazee waliokaa kwenye madaka, yaani vibaraza vya milangoni, baada ya sala ya alasiri. Apite, atoe salamu, aeleze yeye ni nani na ana familia gani, kisha arudi kesho yake. Mwenye nyumba wa hapa hupenda kumjua mpangaji kabla ya kutaja kodi, na kodi anayotajiwa mtu aliyeletwa na jirani huwa tofauti na ile anayotajiwa aliyeletwa na dalali. Wageni wa dini zote wanaishi katika mitaa hii. Mnachotakiwa ni stara ya mavazi njiani, kupiga hodi na kungoja, na kutopandisha redio wakati wa sala. Na mkipanga karibu na Msikiti wa Riyadha, jueni kwamba Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mtaa utajaa wageni kutoka pwani yote na usingizi utakuwa mchache. Watoto watafurahi.

Swali

Mshauri, nimepanga nyumba Shela kwa kodi ya kila mwezi. Kila Desemba mwenye nyumba ananiambia nihamie kwa jamaa kwa wiki tatu ili awapangishe watalii, nami kodi ya Desemba nimeshailipa yote. Hatuna mkataba wa maandishi. Nikikataa anasema atanitoa. Je, ana haki?

Mpangaji, Shela

Jibu

Hana haki ya kupokea kodi mbili kwa nyumba moja katika siku zilezile. Upangaji wa mwezi kwa mwezi, hata bila maandishi, ni upangaji unaotambuliwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 57, inasema kwamba anayetaka kuusimamisha lazima atoe notisi isiyopungua kipindi cha kodi, yaani kwako wewe mwezi mmoja. Kwa hiyo anaweza kukutoa kwa notisi hiyo, ila hawezi kukuambia leo uondoke kesho kutwa kisha urudi baada ya mwaka mpya. Kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, unalindwa pia na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na malalamiko yako yana baraza lake maalumu.

Kwa kuwa hoja ya sheria ina pande mbili, ningekushauri umalize jambo hili kwa mkataba kuliko kwa kesi. Mwendee mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla hajaahidi nyumba kwa wageni, ukiwa na mzee wa mtaa anayemheshimu. Mpe njia mbili: ama ukae mwaka mzima kwa kodi ileile, ama ukubali kuondoka wiki hizo tatu, yeye akurudishie kodi ya wiki hizo, akugharamie pa kulala na akubali kuwajibika kwa vitu vyako utakavyoviacha. Liandikwe, mtie saini wote wawili, na kila mmoja akae na nakala. Kuanzia sasa lipa kodi kwa njia ya simu au benki, upate ushahidi wa kila mwezi. Anayelipa fedha taslimu bila risiti hata haki yake huwa ngumu kuionyesha. Akikataa njia zote mbili, anza kutafuta nyumba mjini mapema, kwa sababu ameshakuambia waziwazi kwamba anawataka watalii.

Swali

Nimeajiriwa kwenye bandari ya Lamu na nitafanya kazi kwa zamu, nyingine za usiku. Rafiki zangu wanasema nikae kisiwani kwa sababu ndiko kuna maisha. Mimi sina familia bado. Nikae wapi?

Kijana, Mombasa

Jibu

Kaa Mokowe. Watu wengi husikia "bandari ya Lamu" wakadhani iko kisiwani, ilhali gati lake la kwanza, lililofunguliwa Mei 2021, liko Kililana, upande wa bara, na Mokowe ndio mji wa karibu wenye vyumba vya kupanga. Ukikaa kisiwani, zamu ya usiku itakukuta ukitafuta boti saa ambazo boti za abiria zimepungua, kisha pikipiki kutoka gati la Mokowe, na siku ya mvua na upepo utachelewa kwa sababu ambayo msimamizi wako ataichoka kuisikia. Hata mji mdogo wa Hindi, ulio mbele zaidi barabarani, utakufaa kuliko kisiwa, endapo utapata usafiri wa uhakika wa kurudi alfajiri.

Mokowe si mahali pa kupendeza sana, nami sitakudanganya. Vyumba vingi viko katika safu, mlango kwa mlango, na choo cha pamoja. Tafuta safu yenye tangi kubwa la maji na uzio, na isiwe jirani na baa wala karakana, kwa kuwa wewe utalala mchana wakati wenzako wako macho. Nenda ukakitazame chumba saa sita mchana, ujilaze humo robo saa mlango ukiwa umefungwa. Kama jasho na kelele havikukutoa nje, lipa mwezi mmoja tu kwanza. Kisiwani utavuka siku ya mapumziko, na boti ya kurudi uipande kabla ya magharibi.